Siku Niliyomkiuka Salim

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, Alkhamisi ya tarehe kumi Disemba 1992, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nilipita juu ya mtoto mchanga na sikurudi. Saa naijua kwa sababu ilitundikwa juu ya mlango wa sebule, na nilikuwa nimeikazia macho ili nisitazame chini.

Mtoto huyo alikuwa Salim. Mama yake, mama mdogo Zuwena, ni mdogo wake mama yangu. Kama ilivyo desturi yetu, baada ya kujifungua alirudi kwa mama yake, yaani kwa Bibi, katika nyumba ya Matrah, hapa Oman, tuliyokuwa tukiishi sote, akakaa humo siku arobaini. Alikandwa, akanyweshwa uji wa pilipili manga, akafukizwa ubani asubuhi na jioni, na hakuruhusiwa kuosha hata kijiko. Alkhamisi ile arobaini ilikwisha. Mume wake, baba mdogo Nassor, alikuja kumchukua yeye na mtoto awapeleke kwake Sur.

Bibi alitoka Unguja na watoto watatu, masanduku mawili, na kanuni zake zote. Hakuacha hata moja. Usifagie baada ya magharibi. Usipige mluzi ndani ya nyumba. Usitingishe kitanda cha mtoto wakati mtoto hayumo. Nyingi nilizisikia na kuzisahau, lakini hii ya kukiuka ilinikaa.

"Mtoto mdogo hakiukwi," alikuwa akituambia. "Ukipita juu yake, atadumaa. Na ikikutokea kwa bahati mbaya, geuka papo hapo, mkiuke tena urudi ulikotoka. Ndipo inapofunguka."

Nilipomuuliza nani amewahi kudumaa, alinionyesha picha ya dada yake, Bi Zaina, aliyebaki Unguja. Kaka yao alimkiuka akiwa mchanga, asubuhi aliyokwenda kupanda meli ya Mombasa. Alikumbuka yuko melini. Akakaa Mombasa miaka minane, na aliporudi Bi Zaina alikuwa mkubwa wa kukataa kulazwa chini akakiukwa. Katika picha amesimama karibu na kiti, mwanamke mzima mwenye buibui na bangili, na mgongo wa kiti unamfika kifuani. Niliwahi kwenda kusimama karibu na kiti kama kile, jikoni kwetu. Kwangu mimi pia kilifika kifuani.

Sasa, Alkhamisi ile. Nyumba ilikuwa imevurugika. Mabegi yamejaa sebuleni, kanga zimefungwa mafungu mafungu, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine, Salim alilazwa kwenye kigodoro chake mlangoni hasa, kati ya sebule na ukumbi wa kwendea jikoni. Baba mdogo Nassor alikuwa nje garini anapiga honi. Njia ya Sur siku hizo ilikuwa ya kuzungukia Ibra, mwendo wa saa nne na zaidi, na yeye alitaka kuwahi sehemu ya milima kabla ya giza.

"Nasra," mama mdogo akaniita kutoka chumbani, "nikimbilie chupa ya uji jikoni, mwanangu, Nassor atatuacha."

Nilikimbia. Nilipofika mlangoni sikuwa na pa kupita. Kulia begi, kushoto begi, katikati Salim amelala mikono juu kama mtu aliyeambiwa asijitikise. Nikatazama saa, nikanyanyua mguu.

Nilikuwa na nia ya kurudi. Hilo nalisema mpaka leo. Nilichukua chupa, nikageuka, nikarudi mbio kwa njia ile ile, na mlangoni nikakuta kigodoro kitupu. Mama mdogo alikwisha kumnyanyua. Nilisimama na chupa ya uji mkononi nikawaona wanatoka wote: Bibi anamsomea Salim na kumpulizia usoni, mama yangu amebeba mabegi, mjomba Harub, kaka yao, ameshika sanduku. Kilichotakiwa kilikuwa sentensi moja tu. Mlazeni kidogo, nimesahau kitu. Sikuisema. Mlango wa gari ukafungwa.

Watu wazima hawajui urefu wa miezi mitatu na nusu ya kungoja Salim aletwe tena, kwa mtoto wa miaka saba. Mimi nilikuwa mtoto wa kuhesabu. Hata sasa ni mtu wa kurudi mara tatu kuhakikisha kuwa nimezima jiko. Nilihesabu siku. Kila Ijumaa, baada ya watu kurudi msikitini, mama mdogo alipiga simu kutoka Sur, na mkono wa simu ukapita kwa Bibi, kwa mama, kwa mjomba, mwisho kwangu.

"Salim hajambo?" niliuliza.

"Hajambo. Mdogo kama ulivyomwacha."

Alikuwa akisema kwa mapenzi, bila shaka. Mimi nilirudisha simu kwa mama nikaenda kujifungia chooni.

Ijumaa nyingine nikajitia ujasiri. "Mama mdogo, Salim ana shibiri ngapi sasa?"

"Shibiri zangu au zako?" Akacheka, akamwambia mtu aliyekuwa karibu naye, "Nasra anataka kipimo, huyu atakuwa fundi cherehani."

Mwezi wa Shaabani ilifika picha. Salim amelazwa katikati ya kitanda kikubwa, mito minne imemzunguka, na yeye ni kitu kama kipande cha mkate kilichoachwa kwenye sinia. Bibi aliitazama akasema mashallah. Mama akasema mashallah. Nilingoja mmoja wao aseme amekua. Hawakusema, na mimi nikajua wameona ila hawataki kutamka.

Usiku sikulala vizuri, na mchana nilikuwa nikipanga. Nilijiambia kwamba kaka yake Bi Zaina alichelewa miaka minane, na mimi nimechelewa miezi tu. Pengine mlango haujafungwa kabisa. Lakini lazima iwe sawasawa: pale pale mlangoni, kichwa upande ule ule, na mimi nitoke jikoni kuelekea sebuleni. Sikuona kwamba ningeweza kumwambia mtu. Bibi alinipenda, na niliogopa jinsi ambavyo angenitazama akijua kwamba mjukuu wake mmoja amemharibu mwingine.

Walikuja Idi ndogo, siku ya kwanza, adhuhuri. Mama mdogo aliingia amemfunika Salim shali, akaja moja kwa moja kwangu.

"Haya, mbebe mdogo wako. Si ulikuwa unamuulizia kila Ijumaa?"

"Mikono yangu michafu," nikasema.

"Kaoshe basi."

Nilikwenda kuosha, na sikurudi. Siku nzima nilimkwepa. Akiingia sebuleni mimi nahamia ukumbini. Akiletwa ukumbini mimi nina kazi jikoni. Nilimtazama kwa mbali nikijaribu kulinganisha na picha, lakini mtoto haachi kupita mkono hadi mkono siku ya Idi, na kipimo hakipatikani. Mama mdogo alimwambia mama yangu, nami nasikia, "Nasra ana wivu." Nilitaka kulia. Nikala tambi za Idi zote zilizokuwa kwenye sahani yangu ili nisilie.

Siku ya pili ya Idi, baada ya chakula cha mchana, watu walitawanyika kujinyoosha. Saa nane kasoro dakika tano nilipita ukumbini nikamkuta Salim peke yake. Amelazwa kwenye mkeka, macho wazi, anazungumza na feni. Si mlangoni hasa, lakini karibu. Niliushika mkeka kwa pembe mbili nikauvuta polepole mpaka ukafika kizingitini. Nikaugeuza ili kichwa cha mtoto kiwe upande wa kabati, kama kilivyokuwa. Nikaenda kusimama upande wa jikoni. Nikanyanyua gauni langu jipya la Idi, la kijani, nikasoma Bismillah, nikanyanyua mguu wa kulia.

"Nasra."

Bibi alikuwa amesimama sebuleni, mbele yangu, ana kikombe cha kahawa mkononi. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Nilibaki na mguu mmoja hewani juu ya mtoto. Nikiurudisha, nimeacha kazi nusu. Nikiupeleka mbele, nimemkiuka mtoto mbele ya Bibi. Salim akanyoosha mkono akaushika unyayo.

"Unafanya nini, mjukuu wangu?"

"Narudi," nikasema, na machozi yakaanza.

Ndipo wakaja wote. Mama kutoka chumbani, mjomba Harub na mama mdogo kutoka uani, na nyuma yao baba mdogo Nassor, ambaye alikuwa mwalimu wa sayansi na alizaliwa Mwanza, kwa hiyo Bibi alimwita "mtu wa bara" kila alipokuwa na hoja ya kumpinga. Mama alinitoa mguu kwenye mkono wa Salim akaniweka sebuleni kwa kunizungusha pembeni. Nikasema yote. Saa, chupa ya uji, kigodoro, simu za Ijumaa, picha. Nilimtaja na Bi Zaina. Nilipomaliza nilimtazama Bibi, kwa kuwa hukumu ilikuwa yake.

Bibi alikuwa akitazama kikombe chake. Aliyesema kwanza ni mjomba Harub.

"Mie nilimkiuka mara mbili siku ile," akasema. "Nilikuwa nafuata funguo."

"Mara mbili kwenda na kurudi?" Bibi akauliza.

Mjomba akafikiri. "Kwenda na kwenda. Kurudi nilitokea uani."

"Harub."

"Mama, mtoto alikuwa mlangoni. Tungepita wapi, dirishani?"

Mama yangu akakohoa. Akasema na yeye alipita mara moja, na mabegi mawili, na aliporudi alikuwa hakumbuki tena, arobaini zilikuwa zimemchosha. Mama mdogo Zuwena akaweka mkono mdomoni. Nikadhani ameudhika. Kumbe alikuwa akicheka. Akasema yeye mama mtu alimkiuka akienda kuipokea simu iliyokuwa ikilia, na simu yenyewe ilikuwa namba imekosewa.

"Mimi sina hatia," baba mdogo Nassor akasema. "Nilikuwa garini."

"Ulikuwa ukipiga honi," mkewe akamwambia. "Wewe ndiye uliyetutia sote haraka. Na kule Sur je? Si unamkiuka kila siku ya Mungu?"

"Analala kati yetu," baba mdogo akamweleza Bibi, kama anayejitetea mbele ya mkuu wa shule. "Mimi nalala upande wa ukutani. Alfajiri nikiamka kwenda kazini napita juu, nitafanyaje?"

"Na kurudi?"

"Nikirudi yeye ameshaamka."

Bibi akafumba macho. "Miezi mitatu na nusu," akasema. "Kila alfajiri."

"Mama, lakini hayo ni khurafa. Mtoto anakua kwa chakula na kwa maumbile ya wazazi wake. Hakuna uhusiano wowote na nani kapita wapi."

"Mtu wa bara, mie sijakuuliza somo."

Nilikuwa nimeacha kulia. Nilikuwa nikihesabu kwa vidole: mjomba mara mbili, mama mara moja, mama mdogo mara moja, mimi moja. Kisha nikasema, kwa kuwa nilikuwa mtoto asiyeweza kuacha hesabu bila kuifunga, "Na Bibi?"

Mjomba akatazama dari.

"Mie nilipita na chetezo," Bibi akasema mwisho. "Nilikuwa namfukiza. Penye ubani haihesabiwi."

"Haihesabiwi kwa kanuni ipi?" mama yangu akauliza taratibu.

Bibi aliweka kikombe chake cha kahawa juu ya kabati, akaikaza kanga yake kiunoni, akasema, "Mlazeni huyo mtoto. Tunarudi sote."

Kilichofuata ni robo saa ambayo nikiikumbuka hadi leo natabasamu, hata nikiwa peke yangu kwenye foleni ya magari barabara ya korniche. Kwanza kulikuwa na ubishi wa pahali. Mjomba aliuvuta mkeka huku, mama akauvuta kule.

"Si hapo," nikasema. "Kizingitini. Kichwa kabatini, miguu kwenye begi. Begi lilikuwa hapa."

"Lete begi," Bibi akamwamuru mjomba.

Mjomba akaleta begi. Akaliweka. Nikasema si hapo, kushoto kidogo, akalisogeza. Sijawahi kutiiwa namna ile tena maishani mwangu. Wote wakazunguka kupitia uani wakajipanga ukumbini, upande wa jikoni, mmoja nyuma ya mwengine, kama watu wanaongoja kutiliwa chai. Mjomba alivuka wa kwanza amekusanya kanzu mkononi, miguu yake mirefu myembamba, akazunguka uani akavuka tena, maana alidaiwa mara mbili. Mama alivuka kwa haraka huku anasema astaghfirullah na anacheka. Mama mdogo alisimama juu ya mwanawe kati ya hatua na hatua akamwambia, "Nisamehe, baba, ilikuwa namba imekosewa." Salim alifurahi. Kila aliyepita alimfuata kwa macho, akapiga miguu, akatoa sauti kama ya chupa inayofunguliwa. Alidhani tunafanya mchezo kwa ajili yake, na nadhani alikuwa hajakosea.

Baba mdogo Nassor alibaki ukutani amekunja mikono. Bibi hakumbembeleza. Alimtazama tu, kisha akamtazama Salim, kisha akamtazama tena.

"Kama tahadhari," baba mdogo akasema, akavua makubazi. "Lakini siwezi kurudia mara mia."

"Zako zitarudishwa kwa jumla," Bibi akasema. "Mruko mmoja, ila uwe mkubwa."

Akaruka. Aliruka kweli, mwalimu wa sayansi, akatua kwenye begi, na mama mdogo ikabidi aketi chini kwa kicheko.

Nilibaki mimi na Bibi. Niliogopa kumwangukia. Niliogopa nitakosea hata sasa, na safari hii mbele ya watu. Bibi akanishika mkono. Hakusema nisiogope, akaniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Ulianza na mguu gani siku ile?"

"Wa kushoto."

"Hata mie," akasema. "Basi turudi na wa kulia."

Tukavuka pamoja, kwanza mimi, kisha yeye, magoti yake yanalia. Alipofika upande wa pili alivuta pumzi ndefu, akaishusha. Mtoto hutambua kitu kama hicho. Yeye pia alikuwa amebeba siri yake. Tangu siku ya chetezo, miezi yote ile, mimi nikijificha baada ya simu, yeye alikuwa akiitazama ile picha na kusema mashallah, naye anangoja mwengine aseme amekua.

"Mbona hukurudi wewe, Bibi?" nikamuuliza jioni, tukiwa wawili.

"Niliona haya," akasema. "Mkubwa mimi, mwenye kuwakataza."

Tangu hapo nimesoma, nimemaliza chuo kikuu, nafanya kazi maabara ambako kila kitu kina kipimo na kila kipimo kina daftari lake. Siamini kwamba kupita juu ya mtu kunamfupisha. Lakini nyumbani kwangu hakuna anayekiukwa, na nikisahau narudi, kwa mguu wa kulia. Salim ana miaka kumi na sita sasa, na ni mfupi. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hulisema, na kila Idi hunilaumu mbele ya watu mpaka nimpe kipande kikubwa cha halua. Baba yake mfupi, babu yake upande wa baba mfupi zaidi. Bibi alipoulizwa mwaka jana alijibu bila kufikiri: "Alirudishwa, tena mbele ya mashahidi. Ufupi ni wa kwao Mwanza."

Nimejaribu kujua hasa nini kilichoniponya alasiri ile. Kuvuka kwenyewe, nadhani, kwa sehemu. Sehemu kubwa ilikuwa vile walivyoungama mmoja baada ya mwengine, kila mmoja na begi lake na simu yake. Nilidhani niko peke yangu kwenye lile kosa, kumbe nilikuwa wa tano au wa sita, na mlango ulikuwa mwembamba kwetu sote. Bado mimi ni mtu wa wasiwasi. Lakini sasa jambo likinikaa siku tatu, namtafuta mtu nimwambie, na mara nyingi naye ana lake.

Asubuhi iliyofuata, siku ya tatu ya Idi, niliamka saa moja na nusu. Walikuwa waondoke saa tatu. Nilinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nikaenda chumbani kwa mama mdogo, nikasimama karibu na kitanda.

"Nipe nimbebe," nikasema.

Aliniweka kitako nimeegemea ukuta, akanipangia mkono mmoja chini ya shingo na mmoja chini ya mgongo, akamweka Salim. Alikuwa mzito. Sikutarajia uzito ule. Mikono ilianza kuniuma papo hapo, na ndio nikajua kwamba amekua, kwamba alikuwa akikua muda wote. Mama mdogo alitoka kwenda kufunga mabegi. Salim alinitazama, akaikamata shingo ya gauni langu la kijani, akatulia. Kisha nikahisi joto linaenea mapajani, taratibu, mpaka kwenye godoro.

Sikumwita mtu.